Mtoto wa Mbwa Niliyempa Dawa Bila Kuuliza

Vijana wa ofisi ya mifugo waliponiaga mwezi uliopita walinipa blanketi na kalamu. Blanketi nilielewa. Kalamu, alisema yule msichana wa maabara, ni ya kuandika "yale mambo unatuambiaga wakati wa chai." Basi nimekaa hapa nyumbani upande wa Bomet, mvua inapiga mabati, na ninaandika. Vyeo nitaviruka, maana mtu akitaka kuvijua faili langu bado lipo kabatini, kama panya hawajalimaliza. Nitaandika juu ya miaka yangu ya kwanza, na zaidi juu ya mtoto mmoja wa mbwa. Wakati wa chai nimewaambia habari za madume wakali na kupe na wazungu waliotumbukia kwenye josho. Hii sijawahi kuwaambia.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika kituo kidogo kilichokuwa juu ya Kericho, njia ya kwenda Londiani. Nilitoka Sotik, mtoto wa watu wa ng'ombe, nimesoma misheni, nikidhani hakuna mnyama ambaye simjui. Lori lililokuwa likirudi tupu kutoka kiwanda cha majani chai lilinishusha njia panda asubuhi, na baridi ya kule ikanipokea kabla ya mtu yeyote. Kituo kilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, kibao cha mlangoni, zizi la ng'ombe na choo. Nilipewa kaptula ya kaki ambayo wawili tungetosha ndani yake, na kamba ya katani ya kuifunga.

Aliyenipa ile kamba alikuwa Mzee Onesmo, msaidizi mkuu wa kituo, mtu wa Maragoli, mfupi, mwenye sauti ya chini na viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope. Bwana daktari, yaani yule mzungu wa mifugo, alikuja mara moja kila wiki mbili, akatia sahihi, akaondoka. Siku nyingine zote daktari alikuwa Onesmo, ingawa hakuna karatasi iliyosema hivyo.

Siku ya kwanza alinionyesha vyombo. Kipimajoto, ambacho hufungwa uzi mwishoni ili ng'ombe asikimeze kwa nyuma. Sindano za chuma, ambazo tulizichemsha kwenye sufuria na kuzinoa kwenye jiwe mpaka zikawa fupi kama misumari. Vioo vya kupakia damu. Na darubini ya shaba, ambayo ilikaa ndani ya sanduku lake kama mgeni wa heshima na iliguswa na mikono iliyonawa tu. Nilitaka kuishika hiyo kwanza. Onesmo akafunga sanduku.

"Hiyo baadaye," akasema. "Kwanza jifunze kuuliza."

Alikuwa na maswali yake, na aliyauliza kwa mpangilio uleule hata kama mnyama amelala anakufa mbele yake. Ameanza lini? Amekula nini leo, na jana? Wenzake wako namna gani? Anakunywa maji wapi? Umempa dawa gani mwenyewe? Ndipo alipomgusa mnyama. Mimi niliona ni kupoteza wakati. Ng'ombe mwenye ndigana unamwona kwa macho, matezi yamevimba, pumzi inakata; ya nini kumuuliza mzee wa watu ng'ombe alikunywa wapi? Lakini nilikuwa mgeni, nikasimama nyuma na kuandika majibu kwenye daftari.

Mwaka ukapita namna hiyo. Tulichanja ng'ombe dhidi ya sotoka kule Londiani, tukasimamia majosho, tukapasua matumbo ya kondoo kutafuta chanzo cha kifo. Mwishowe Onesmo akanifundisha darubini. Nilipenda sana kile chombo. Niliona mayai ya minyoo, nikaona wadudu wa ndigana ndani ya damu, na nikaanza kuamini kwamba kilicho na maana chote kipo kwenye kioo.

Mbwa hatukuwa tukiwatibu sana. Kituo kilikuwa cha ng'ombe, na mbwa waliokuja walikuwa wa wazungu, ambao walisubiri bwana daktari. Mbwa wa mwananchi akiugua alipona mwenyewe au alikufa mwenyewe.

Sasa niseme juu ya wakati wenyewe. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ikipigana na Mau Mau. Kandokando ya msitu karibu na kituo waliishi Wakikuyu waliokuwa wamekuja zamani kutoka Kiambu na Murang'a kukata mbao, kupanda miti na kulima viazi kati ya miche. Walikuwa na kanisa lao la udongo, na Jumapili upepo ukiwa mzuri tuliwasikia wakiimba. Mwaka ule wanaume wengi walichukuliwa kwa malori kwenda kuhojiwa, na wengi hawakurudi upesi. Waliobaki hawakuruhusiwa kwenda popote bila pasi yenye saa ya kuondoka na saa ya kurudi.

Asubuhi moja Onesmo alikuwa amekwenda Londiani na chanjo, akaniachia funguo. Niliziona nzito na tamu mfukoni. Kama saa nne hivi mama mmoja akaingia na kiondo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama wanavyobeba wanawake wa Kikuyu. Akakiteremsha taratibu sana, akakiweka kwenye benchi. Ndani, juu ya kitambaa cha sweta kuukuu, alikuwa mtoto wa mbwa wa rangi ya kahawia, miezi miwili hivi, na alama nyeupe kifuani.

"Daktari, anakunya damu," akasema. "Tangu juzi. Mimi ni Nyambura, bibi ya Ndegwa wa mbao."

Ndegwa nilimjua kwa jina. Alikuwa mpasuaji mbao, na meza ileile tuliyokuwa tumesimama kando yake aliipasua yeye. Alikuwa amechukuliwa miezi kama miwili kabla.

"Mama yake alizaa wiki ile bwana yangu alichukuliwa," akaendelea. "Walizaliwa watatu. Yeye alisimama mlangoni na askari, akaangalia, akasema huyu wa nyeupe ni wake, nisimpe mtu, atamkuta amekua. Akamwita Bobi. Hakusema kitu kingine, kwa sababu askari walikuwa na haraka. Sasa unaona nikimpoteza nitamwambia nini?"

Nikamwuliza kama amekuja na kinyesi. Alikuwa nacho, kimefungwa kwa jani la mgomba, na hapo nikamheshimu, kwa sababu hata wenye mashamba makubwa hawakukumbuka. Kilikuwa cheusi kama lami, na juu yake damu mbichi nyekundu imejichora kama uzi. Nikainua mdomo wa Bobi. Ufizi ulikuwa mweupe, mweupe kama karatasi hii. Nikabonyeza kwa kidole; hakuna rangi iliyoondoka wala kurudi. Tumbo limevimba, miguu baridi. Alijaribu kutikisa mkia, ukanyanyuka mara moja ukalala.

Nikafungua lile sanduku. Nikapaka kinyesi kidogo kwenye kioo, tone la maji, nikainama. Kioo kilijaa mayai ya safura, mengi kuliko nilivyowahi kuona, ya mviringo na yenye ganda jembamba. Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi. Nilikuwa nimejua ugonjwa peke yangu.

"Ni minyoo," nikamwambia mama. "Inamnyonya damu ndani. Dawa iko."

"Atapona?"

"Dawa iko," nikasema tena, na sauti yangu ilikuwa kubwa.

Akatoa pasi yake kwenye kifundo cha nguo, akanionyesha. Alitakiwa awe amerudi saa saba, na kwao palikuwa mbali, mlima mtupu. Nikafanya haraka. Kabatini kulikuwa na vidonge laini, vya kahawia, vyenye dawa ya maji ndani inayonuka kama kitu cha kufulia nguo. Nilikuwa nimemwona bwana daktari akimpa mbwa wa mzungu mmoja. Nikakisia uzito kwa mkono, nikamfungua Bobi mdomo, nikasukuma kidonge kimoja mpaka koo, nikampapasa shingo mpaka akameza. Nyambura akamrudisha kwenye kiondo, akamfunika na ile sweta. Alisema asante mara tatu. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi kwenye darubini kuangalia yale mayai tena.

Siku mbili zilipita. Onesmo alirudi, nikamsimulia kwa mbwembwe, nikamwonyesha daftari. Alisoma, akageuza ukurasa kana kwamba kuna mwingine.

"Maswali yako wapi?" akauliza.

"Alikuwa na pasi, mzee. Alikuwa na haraka."

"Nani, mbwa?"

Siku ya tatu Nyambura akaja tena na kile kiondo. Nilipokiona nilidhani amemleta Bobi nimwone alivyopona. Ndani walikuwamo wale ndugu wawili, jike mweusi na dume mwenye madoa.

"Bobi alikufa," akasema. "Tulifika nyumbani akaanza kuyumba kama mtu amekunywa pombe. Akatetemeka, akatapika, akalala. Jua lilikuwa bado liko juu. Hawa nao wameanza jana. Nimekuja mbio."

Onesmo alimkaribisha kwenye benchi, akamletea maji. Kisha akaanza maswali yake, polepole, kama kawaida, na mimi nikaandika.

"Yule wa kwanza, siku ile ya dawa, alikuwa amekula nini?"

"Maziwa," Nyambura akasema. "Alikuwa hana nguvu, nikampa maziwa ya moto na kijiko cha mafuta ya ng'ombe. Nilitaka afike kwa daktari akiwa hai."

Kalamu yangu ilisimama. Onesmo hakuniangalia. Alinyanyuka, akachukua ule mkebe wa vidonge, akaniwekea mbele, akanionyesha kwa kidole maandishi madogo ya pembeni. Mnyama asiwe na chakula tumboni, hasa maziwa na mafuta. Mafuta huipeleka dawa kwenye damu ikawa sumu. Na chini yake: mnyama aliyedhoofika sana asipewe mpaka atiwe nguvu kwanza. Nilikuwa nimeusoma mkebe ule mara nyingi, lakini sehemu ya jina tu.

"Utamwambia wewe," Onesmo akaniuliza kwa sauti yake ile ya chini, "au nimwambie mimi?"

Nilitaka sana aseme yeye. Nilizunguka meza, nikasimama mbele ya mama yule.

"Mama, minyoo haikumuua Bobi. Pengine ingemuua, lakini haikupata nafasi. Dawa yangu ilikutana na yale maziwa. Ilitakiwa nikuulize, na sikukuuliza."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Maziwa nilimpa mimi," akasema.

"Hukujua. Mimi kazi yangu ilikuwa kujua."

"Nilimshika hivi, nikampa na kijiko. Alikuwa hataki. Nikamlazimisha."

"Mama, kosa ni langu."

"Basi tugawane," akasema. "Peke yangu sitaweza, na wewe bado ni kijana. Sasa niambie hawa wawili tufanye nini."

Nimefanya kazi miaka zaidi ya thelathini baada ya siku ile. Nimetukanwa na wenye ng'ombe, nimefukuzwa na panga mara moja, nimepewa barua za onyo. Hakuna neno lililonikalia kama hilo la tugawane.

Tukawaacha wale wawili mikononi mwa Onesmo. Hakukimbilia kidonge. Aliwafunga gunia kavu karibu na jiko, akachemsha maji, akatia sukari na chumvi kidogo, akanipa kijiko, nikawanywesha kidogokidogo mchana kutwa. Maziwa hakuna. Onesmo alimwandikia Nyambura karatasi ili aongezewe saa kwenye pasi, na kwa jambo hilo nasikia aliulizwa baadaye. Siku ya pili yule jike mweusi alikuwa amesimama, akapewa sehemu ndogo ya dawa tumbo likiwa tupu. Dume mwenye madoa hakusimama. Alifia kwenye gunia, mimi nikiwa na kijiko mkononi. Nyambura alikuja siku ile ya pili, na siku iliyofuata akarudi kumchukua yule jike.

Onesmo akanituma kwa baisikeli niende kwa Nyambura nione alipolala yule mbwa mama. Palikuwa nyuma ya jiko, sakafu ya udongo imelowa, giza, uchafu wa wiki nyingi. Sikumlaumu, ndani ya nyumba askari walikuwa wamekwisha kupindua kila kitu, mbwa alikuwa amekimbilia kule. Nilichimba ule udongo wa juu nikautupa mbali, tukachoma matandiko, tukamhamishia mbwa mahali palipoinuka penye jua. Mbwa mama naye nikampa dawa yake, baada ya kuuliza maswali yote, na mengine mawili niliyoyabuni mwenyewe. Nyambura alijibu kila moja bila kuchoka. Alikuwa na shamba dogo la viazi na tayari alikuwa ameanza kuvuna vikiwa vidogo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema wanasikia watahamishwa.

Kwa hiyo nyinyi mnaokaa leo na friji na vipimo, msikilize hapa. Mtoto wa mbwa akitoa damu nyuma, hilo si shauri la kusubiri kesho. Mwenye mbwa amlete siku hiyohiyo, na kinyesi chake. Amweke pakavu, penye joto. Asimpe dawa ya binadamu wala aliyoazima kwa jirani. Na wewe unayempokea, angalia ufizi, angalia kioo, lakini kwanza funga mdomo wako ufungue masikio. Mayai niliyoyaona yalikuwa ya kweli. Nilikuwa sawa juu ya ugonjwa, na mbwa akafa.

Wiki tatu baadaye nilipanda tena mlima ule kumwona yule jike mweusi. Niliona kutoka mbali kwamba hakuna moshi. Milango ilikuwa imeng'olewa, viazi vimekanyagwa kwenye njia. Mlinzi mmoja wa msitu, Mkipsigis mwenzangu, alikuwa amekaa kwenye gogo akila mahindi ya kuchoma.

"Chamgei," nikamsalimu. "Watu wako wapi?"

"Wamepelekwa kwao. Malori yalikuja juzi."

Nikamwuliza juu ya mama mmoja aliyekuwa na mbwa mweusi mdogo.

"Yule? Alikuwa amemficha chini ya shuka. Mbwa akalia, askari akasikia. Akaambiwa amshushe, lori si la mbwa. Akamshusha. Kale kambwa kalikimbia nyuma ya lori mpaka darajani." Akatupa gunzi. "Kanaweza kukimbia, lazima niseme. Kana miguu."

Nilimtafuta mpaka jioni, nikipiga mbinja kandokando ya mto. Sikumpata, wala yule mbwa mama.

Kazi iliendelea. Onesmo alistaafu akarudi Maragoli, nikabaki na funguo kwa haki sasa. Miaka ya hamsini ilikuwa karibu kuisha na watu walikuwa wakiachiwa kutoka kambini, ndipo mwanamume mmoja alipokuja kituoni asubuhi na kusimama nje bila kubisha. Alikuwa mrefu, amekonda, koti limemzidi. Alikuwa akiangalia ile meza yetu kupitia mlangoni.

"Hiyo mbao ni yangu," akasema. "Niliipasua mimi. Naitwa Ndegwa."

Nikamkaribisha benchi. Nikajua lazima nianze mwenyewe, kabla hajauliza. Nikamwambia juu ya Bobi: maziwa, kidonge, na kwamba sikuuliza. Nikamwambia juu ya yule jike mweusi na lori. Alisikiliza huku kiganja chake kikipita juu ya mbao, kikienda na kurudi.

"Mbwa ni mbwa," akasema nilipomaliza. "Sikuja kwa ajili ya mbwa."

"Nyambura hajambo?"

"Nyambura alikufa huko kijijini walikopelekwa, mwaka wa pili. Homa. Sikuwepo. Nilipata habari kambini." Akavuta pumzi. "Nimerudi kwao, nimeuliza watu. Wote wanamjua alivyokuwa kule, mgonjwa. Nikasikia kwamba huku alikuja kwa daktari wa ng'ombe mara nyingi. Nikafikiri, huyo alimwona baada yangu, kabla ya ule ugonjwa. Nimekuja uniambie."

"Nikuambie nini?"

"Alivyokuwa. Alikuwa amekonda? Alikuwa akionekana kama mtu asiyelala? Alikuwa na alama hapa?" Akagusa shavu chini ya jicho. "Siku walinichukua, askari mmoja alimpiga hapa. Nataka kujua kama palipona vizuri."

Nilifikiri. Naapa nilifikiri. Nilikumbuka ile sweta ndani ya kiondo, na fundo la pasi, na jani la mgomba. Nilikumbuka weupe wa ufizi, uzito wa mbwa mkononi, idadi ya mayai kwenye kioo. Mama yule alisimama mbele yangu, upande huu wa meza na upande ule, siku nne tofauti, na nikapanda mpaka kwake, akanijibu maswali yangu yote.

"Bwana Ndegwa," nikasema, "sikumwangalia."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa ofisi imefungwa. Alikaa kidogo tena, mkono juu ya mbao. Kisha akanishukuru, akashusha kofia yake, akaenda.